Zuckerberg hajahama chama: someni tarehe ya risiti

Kyela wanawajua wanunuzi wa mpunga wa aina mbili. Wa kwanza huja mpunga ungali kijani. Humwachia mkulima fedha ya palizi au ada ya mtoto, wakapatana magunia atakayochukua siku ya kuvuna. Hiyo ndiyo njuli, na serikali imeipiga vita kwa sababu inamkamua mkulima. Hata hivyo mwenye njuli ana jambo moja ambalo huwezi kumnyima: fedha yake imelala shambani kabla hajajua kama mto utafurika au kwelea kwelea watashuka. Wa pili huja mpunga umeshapurwa, umeanikwa, uko ghalani. Anapekua punje, anauliza bei, analipa. Hatari ya msimu hakuibeba hata kidogo.

Tofauti hiyo inatosha kujibu swali lililozagaa tangu Januari 20, 2025, siku Mark Zuckerberg alipoketi ndani ya Bunge la Marekani kushuhudia Donald Trump akiapishwa. Alikaa na Jeff Bezos wa Amazon, Sundar Pichai wa Google na Elon Musk wa Tesla, mbele ya watu walioteuliwa kuwa mawaziri. Je, mwenye Facebook, Instagram na WhatsApp ameondoka upande wa Democrat na kuingia Republican?

Kwenye vijiwe vya Mwanjelwa na Soweto, pale Mbeya, jibu la haraka ni ndiyo, na linaeleweka. Tumezoea kuona kuhama kwa namna moja: mtu anapanda jukwaani, anarudisha kadi, anasema anaunga mkono juhudi, anavishwa kofia mpya. Picha ya Januari 20 ilifanana sana na jukwaa hilo. Lakini Zuckerberg hakuwa na kadi ya kurudisha. Mwaka 2013 alisema hadharani kwamba ni vigumu kwake kujiita Democrat au Republican, na kumbukumbu za fedha zake zinamuunga mkono. Aliyehama kweli ni Musk. Kuwaweka wawili hao kwenye gunia moja ni kosa ambalo linatufanya tusielewe yaliyotupata sisi wenyewe huku Nyanda za Juu Kusini mwaka 2025.

Tuanze na karatasi, maana mengi yanayosemwa juu ya Zuckerberg yanatokana na sura: mkufu wa dhahabu, nywele zilizoachwa zikue, mapambano ya ngumi na mateke, urafiki na Dana White, mkuu wa kampuni ya mapambano hayo, UFC. Hizo ni lumbesa. Gunia limeshonewa kilemba juu, linaonekana kubwa, lakini uzito wake unaujua ukiliweka kwenye mizani.

Mizani ya Marekani iko wazi kwa yeyote mwenye simu na bando, hata akiwa Uyole. Tume ya Uchaguzi ya huko, FEC, huchapisha kwenye tovuti ya fec.gov jina la kila mtu aliyechangia zaidi ya dola 200 kwa mgombea, chama au kamati ya kampeni. Ingia sehemu ya michango ya watu binafsi, andika jina la ukoo kwanza, kisha chuja kwa mwajiri na jimbo, kwa sababu majina yanafanana na mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa namna tatu. Halafu soma safu tatu: nani alipokea, kiasi gani, tarehe gani. Wengi husoma kiasi wakaishia hapo. Tarehe ndiyo inayosema kama fedha iliwekwa shambani au ghalani.

Safu ya mpokeaji nayo inahitaji utulivu. Kwa uchaguzi wa 2024 mtu mmoja aliruhusiwa kumpa mgombea dola 3,300 tu kwa kila uchaguzi, wa mchujo na wa mwisho ukihesabiwa kila mmoja peke yake. Lakini tangu 2010 zipo kamati huru za kampeni ambazo hazina kikomo, ili mradi zisipokee maagizo ya mgombea. Kampuni hairuhusiwi kumpa mgombea wa urais fedha toka hazina yake, ila inaruhusiwa kuchangia mfuko wa sherehe za kuapishwa, na huko hakuna kikomo pia. Majina ya wachangiaji wa mfuko huo hufikishwa FEC ndani ya siku 90 baada ya sherehe. Kwa hiyo dola milioni moja ya sherehe na dola milioni moja ya kampeni, ijapokuwa noti ni zilezile, ni vitu viwili tofauti kabisa. Moja imetolewa matokeo yakiwa hayajulikani. Nyingine imetolewa mshindi akiwa anapimiwa suti.

Sasa weka majina kwenye mizani.

Musk alisema mwenyewe kwamba huko nyuma alikuwa akiwapigia kura Democrat, na mwaka 2020 alimpigia Joe Biden. Agosti 2021 Biden aliwaita Ikulu watengenezaji wa magari kuzungumzia magari ya umeme. GM, Ford na Stellantis walikuwepo, Tesla haikualikwa. Mei 2022 Musk akatangaza kwamba sasa atapigia Republican. Julai 13, 2024, siku Trump alipojeruhiwa sikio kwa risasi huko Butler, Pennsylvania, Musk akamuunga mkono waziwazi. Kati ya Julai na Septemba aliiwekea kamati yake ya America PAC takribani dola milioni 75, na hadi mzunguko wa uchaguzi unafungwa alikuwa ametoa zaidi ya milioni 290. Fedha hiyo ilitoka wakati kura za maoni zikionyesha wagombea wanalingana. Kamala Harris angeshinda, Musk angekuwa adui wa serikali mpya huku kampuni yake ya roketi, SpaceX, ikitegemea mikataba ya serikali hiyohiyo. Huyo alinunua mpunga ukiwa kijani.

Zuckerberg kwa uchaguzi huohuo hakumuunga mkono mgombea yeyote. Michango yake binafsi kwa wagombea, miaka yote, imekuwa midogo kwa mtu wa utajiri wake, na imekwenda pande zote mbili. Dola milioni moja ya mfuko wa sherehe ilitolewa na Meta, kampuni yake inayomiliki Facebook, Desemba 2024, mwezi mmoja baada ya uchaguzi wa Novemba 5. Dola milioni 25 za kumaliza kesi ambayo Trump aliifungua kwa kufungiwa akaunti zilikubaliwa Januari 29, 2025, siku tisa baada ya kuapishwa. Milioni 22 kati ya hizo zilielekezwa kwenye maktaba ya urais ya Trump. Kila risiti kubwa ina tarehe ya baada ya mavuno.

Wanaodai amehama huleta hoja ya wafanyakazi wake. Januari 2025 Nick Clegg, aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu wa Uingereza, aliondoka kwenye kiti cha masuala ya dunia, na Joel Kaplan akakalia. Kaplan aliwahi kuwa naibu mkuu wa watumishi wa Ikulu chini ya George W. Bush, kwa hiyo watu wakasema Republican wameingia nyumbani. Angalia tena tarehe. Kaplan aliajiriwa Facebook mwaka 2011. Amekuwa ndani humo wakati wote wa Obama, wa Trump wa kwanza na wa Biden. Kwa miaka mingi alifanya kazi pamoja na Sheryl Sandberg, aliyetoka Wizara ya Fedha ya serikali ya Clinton na kukaa Facebook kuanzia 2008 hadi 2022. Kampuni ilikuwa na watu wa milango yote miwili, na anayesogezwa mbele ni yule ambaye mlango wake umefunguliwa na wapiga kura. Kinachofanana na hili ni ofisi ya wakala wa forodha pale Tunduma yenye mtu anayewajua watu wa upande wetu na mwingine anayewajua watu wa Nakonde; hakuna anayesema ofisi imehamia Zambia kwa sababu leo mzigo unaelekea huko.

Historia ya nyuma inasema vilevile. Aprili 2011 Zuckerberg alimkaribisha Obama makao makuu ya Facebook, Palo Alto, kwa mazungumzo yaliyotazamwa dunia nzima, na picha ile ndiyo iliyowafanya wengi wamhesabu kuwa Democrat. Februari 2013 alimfanyia harambee nyumbani kwake Chris Christie, gavana wa Republican wa New Jersey. Miezi miwili baadaye akaanzisha FWD.us, taasisi ya kudai mageuzi ya sheria za uhamiaji, jambo ambalo kampuni za teknolojia zilikuwa na njaa nalo kwa ajili ya kuajiri wataalamu toka nje. Mtu mmoja, miaka miwili, pande mbili, na nyuma yake hitaji moja la biashara.

Kilichomtikisa ni kwamba kwa muda wa miaka minane kila upande ulimtafuta kwa ubaya. Baada ya 2016 Democrat walimlaumu kwamba Facebook iliachia uongo ukamsaidia Trump. Aprili 2018 akasimamishwa mbele ya Seneti kuhojiwa juu ya Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni iliyochota taarifa za watumiaji wa Facebook. Mwaka 2020 yeye na mkewe, Priscilla Chan, walitoa zaidi ya dola milioni 400 kusaidia ofisi za uchaguzi wakati wa korona: barakoa, mashine za kuchambua kura za posta, posho za wasimamizi. Republican wakaona ni mbinu ya kumsaidia Biden, na majimbo zaidi ya 20 yakapitisha sheria za kuzuia au kubana fedha binafsi kwenye uendeshaji wa uchaguzi. Januari 7, 2021, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, akamfungia Trump. Katika kitabu kilichotoka Septemba 2024, Trump akatishia kwamba Zuckerberg akifanya lolote kinyume cha sheria safari hii atamaliza maisha gerezani.

Hapo kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wanalipita haraka, nalo ni kesi ya ukiritimba. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki Facebook Desemba 2020, Trump akiwa bado Ikulu katika muhula wa kwanza. Madai: kwamba kununua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni moja na WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 kulikuwa ni kuua ushindani. Juni 2021 hakimu aliitupa, Agosti serikali ya Biden ikairekebisha na kuirudisha. Ikasubiri miaka, na ilipofika siku ya kusikilizwa, Aprili 14, 2025, Trump alikuwa amerudi. Serikali tatu mfululizo, vyama viwili, kesi ileile. Kama FTC ingeshinda, Zuckerberg angeweza kulazimishwa kuuza Instagram na WhatsApp.

Kwa mtu aliye kwenye nafasi hiyo, kuwa Democrat kusingemsaidia na kuwa Republican kusingemwokoa. Kilichobaki ni kumtuliza aliyepo. Ndiyo maana mlolongo wa Januari 2025 ulikwenda kwa kasi ile: Kaplan, kisha Dana White kwenye bodi, kisha Januari 7 tangazo la kufuta mpango wa wahakiki wa taarifa ndani ya Marekani, kisha Januari 10 kuvunja programu za kuajiri kwa kuzingatia usawa wa makundi. Yote ndani ya siku kumi, kabla Trump hajaapa. Imani ya mtu haibadiliki kwa ratiba ya kamati ya mapokezi.

Na hakupata alichokitaka kwa njia hiyo. Kesi ilikwenda mahakamani, yeye mwenyewe akapanda kizimbani kutoa ushahidi. Aliyempa nafuu, Novemba 18, 2025, ni Jaji James Boasberg, aliyeteuliwa na Obama, ambaye miezi minane kabla Trump alikuwa akitaka aondolewe madarakani kwa sababu ya kesi ya wahamiaji. Anayesema Trump alimfutia Zuckerberg kesi kama malipo ya utii anapaswa kuisoma hukumu ile: hoja iliyoiangusha FTC ilikuwa kwamba soko limebadilika, TikTok na YouTube wapo, na serikali haikuthibitisha kwamba Meta ina ukiritimba sasa.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo ina uzito, na haifai kuifunika. Agosti 2024, kabla ya uchaguzi, Zuckerberg alimwandikia Jim Jordan, mbunge wa Republican, akisema serikali ya Biden iliibana Meta mwaka 2021 iondoe maudhui ya korona, na kwamba anajuta kutosema zaidi. Akaongeza kwamba hatarudia mchango wa 2020 kwa ofisi za uchaguzi. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amesifu ujasiri wa Trump aliyeinuka na kuinua ngumi huku sikio likivuja damu. Hayo yalikuwa kabla ya mavuno. Lakini yatazame yalivyo: ni kuondoa mguu upande mmoja bila kuukanyaga upande wa pili. Hakuna fedha iliyofuata, hakuna jina la mgombea lililotajwa. Bezos alifanya la kufanana nalo Oktoba 2024 gazeti lake la Washington Post lilipotangaza kutomuunga mkono mgombea yeyote siku chache kabla ya kura. Hawa ni watu waliokuwa wakijikinga endapo Trump angeshinda. Kujikinga na kupenda ni vitu viwili.

Wengine husema kubadili kanuni za maudhui ndiko kuhama kwenyewe. Hapa ni lazima kutenganisha sehemu mbili za tangazo la Januari 7. Kufuta wahakiki wa nje kulihusu Marekani. Kulegeza kanuni za lugha ya chuki kulihusu dunia nzima, pamoja na kundi la Facebook la wakazi wa Mafinga. Sehemu hiyo ya pili haikuzungumzwa vya kutosha kwetu, wakati ndiyo inayotugusa: maneno ambayo mwaka 2024 yangeondolewa, sasa mengine yanabaki, na Kiswahili ni lugha ambayo mashine za kuchuja hazijawahi kuimudu kama Kiingereza. Lakini kama ushahidi wa kuhama chama, tangazo lile lina udhaifu. Oktoba 2019 Zuckerberg alitoa hotuba ndefu Chuo Kikuu cha Georgetown akitetea uhuru wa kusema na kukataa kampuni kuwa mwamuzi wa ukweli. Miezi michache baadaye korona ikaja, uchaguzi wa 2020 ukaja, akakaza. Upepo ulipogeuka akalegeza. Ukichora mstari wa kukaza na kulegeza, haufuati chama alichokipenda. Unafuata ni nani mwenye fimbo mwaka huo.

Kuna mahali pamoja ambapo nakubali amebadilika, na pananiuma kuliko mkufu na mapambano. Januari 2017, Trump alipozuia raia wa nchi saba kuingia Marekani, Zuckerberg aliandika hadharani kupinga, akataja wazazi wa mkewe waliokimbilia Marekani kama wakimbizi. Septemba mwaka huo, serikali ilipofuta ulinzi wa vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto, akasema ni siku ya huzuni. Mwaka 2025 msako wa wahamiaji ulikuwa mkali kuliko ule, na Septemba 19 Trump akaweka ada ya dola 100,000 kwa ombi jipya la viza ya H-1B, viza ya wataalamu wa kigeni ambayo Meta inaitegemea. Sauti ya 2017 haikusikika. Huenda anaamini yaleyale. Lakini mtu anayeamini na kunyamaza kwa miaka mfululizo, anayeathirika na ukimya wake hapati faida yoyote kutokana na imani hiyo.

Mwenye shaka juu ya nani anamtazama nani, akumbuke chakula cha jioni cha Ikulu, Septemba 4, 2025. Trump alimuuliza Zuckerberg, aliyekaa ubavuni, atawekeza kiasi gani Marekani. Akajibu angalau dola bilioni 600 hadi 2028. Baadaye kidogo kipaza sauti kikanasa akimwomba radhi Trump kwamba hakuwa na hakika ni kiwango kipi Rais angependa kitajwe. Mwanachama wa chama huja na msimamo wake hata ukiudhi. Musk, mwezi Juni mwaka huohuo, aligombana na Trump mbele ya dunia juu ya muswada wa bajeti, na Julai akatangaza kuanzisha chama chake mwenyewe; Novemba walikuwa wamepatana na kula meza moja. Anayegombana hivyo anaona ana hisa ndani ya nyumba. Zuckerberg aliuliza bei.

Kwa nini mtu wa Njombe ahangaike na tofauti hii? Kwa sababu mwaliko wa Musk ndani ya serikali, uliotokana na fedha aliyoiweka kabla ya mavuno, ulifika kwenye vituo vyetu vya afya. Januari 20, 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mwanzoni mwa Februari Musk, akiongoza DOGE, kitengo cha kupunguza matumizi ya serikali, alijisifu kwenye mtandao wake wa X kwamba amemaliza wikiendi akiisaga USAID, shirika la misaada la Marekani. Machi serikali ikatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya shirika hilo, na Julai 1 mabaki yake yakahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchini, lakini Njombe 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Hakuna sehemu ya Tanzania iliyokuwa na sababu kubwa zaidi ya kufuatilia tabia ya Musk.

Dawa zenyewe ziliwekwa kwenye orodha ya vitu vya kuokoa maisha, zikaruhusiwa kuendelea mwishoni mwa Januari. Tatizo ni kwamba huduma ya VVU ina viungo vingi kuliko kidonge. Yupo mtu wa kumfuata mgonjwa aliyekosa kliniki, zipo pikipiki za kupeleka sampuli za damu toka kijijini hadi maabara ya kupima wingi wa virusi, yupo mwingizaji wa takwimu, zipo huduma za kinga kwa ambao hawajaambukizwa. Mradi ukisimama, kopo la dawa halipotei rafuni siku ileile. Vinavyokatika kwanza ni hivyo vingine, na madhara huonekana miezi baadaye, mgonjwa aliyepotea anaporudi akiwa hoi au sampuli zinaporundikana bila majibu.

Utii wa Zuckerberg unatufikia kwa mlango mwingine, na huu unahitaji jicho la kodi. Katika video ya Januari 7 alisema atashirikiana na Trump kukabiliana na serikali za nje zinazozibana kampuni za Marekani. Watu walishughulika na wahakiki wa taarifa, wakaiacha sentensi hiyo. Kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa kiini. Aprili 2025 Umoja wa Ulaya uliitoza Meta faini ya euro milioni 200. Juni 29 Kanada iliondoa kodi yake ya huduma za kidijitali, siku moja kabla ya malipo ya kwanza, baada ya Trump kuvunja mazungumzo ya biashara. Agosti 25 Trump akatishia ushuru kwa nchi yoyote yenye kodi ya aina hiyo.

Tanzania inayo. Tangu Julai 2022 mtoa huduma za kielektroniki asiye mkazi anatozwa asilimia 2 ya mapato anayoyapata hapa. Muuza miche ya parachichi wa Rungwe anayelipia tangazo lake lionekane Facebook kwa watu wa Makete anaiingizia Meta mapato toka hapa. Kiwango cha kodi ni kidogo, na hatukutajwa kwenye vitisho vya Agosti. Ila Wizara ya Fedha ikitaka kukipandisha, au mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikitaka kuibana Meta juu ya matapeli wanaotumia WhatsApp, sasa upande wa pili wa meza pana kampuni yenye Ikulu nyuma yake. Hilo ndilo lililonunuliwa ghalani, na sioni kama bei ilikuwa kubwa: Meta ilitumia zaidi ya dola milioni 24 kwa washawishi wa kulipwa Washington mwaka 2024 peke yake.

Mtu atauliza kama wanahisa wanaweza kumzuia. Hawawezi. Hisa zake za daraja B zina kura kumi kila moja, hivyo akiwa na takribani asilimia 13 ya kampuni anashika karibu asilimia 60 ya kura. Taarifa hiyo huchapishwa kila mwaka karibu na Aprili kabla ya mkutano mkuu. Bodi haiwezi kumwondoa, na kwa hiyo kila uamuzi wa kisiasa wa Meta unaweza kuuhesabu kuwa wake binafsi, jambo ambalo kwa kampuni nyingine lisingekuwa haki.

Upo ushahidi mpya zaidi, na unaelekea kulekule. Agosti na Septemba 2025 Meta ilianzisha kamati zake za kampeni kwa ajili ya chaguzi za majimbo, kwa makumi ya mamilioni ya dola. Lengo ni wabunge wa majimbo wasioziwekea kanuni kali kampuni za akili bandia. Moja ya kamati hizo inaendeshwa na mshauri wa Republican pamoja na kampuni ya washauri wa Democrat. Hii ni mara ya kwanza kampuni hiyo kuweka fedha kubwa shambani mpunga ukiwa kijani, na imeweka kwenye mashamba ya wote wawili.

Kwa anayetaka kuendelea kupima, ripoti za washawishi hutoka kila robo mwaka, mwisho wake ni tarehe 20 ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Michango ya kampeni itafuatiliwa FEC kuelekea uchaguzi wa Bunge la Marekani wa Novemba 3, 2026. Tafuta jina la Zuckerberg mwenyewe, siyo la Meta. Likionekana limeweka mamilioni kwenye kamati ya chama kimoja kabla ya tarehe hiyo, nitakuwa nimekosea, na wale wa Mwanjelwa walikuwa sahihi.